Kikapu cha Mama Chashuka Mesquite

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Hujambo huko uliko? Magoti yako yamepumzika na zile ngazi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Nimekaa roshani hapa Mesquite, Idi imepita juzi, na nina habari unayostahiki kuisikia kabla ya mtu mwengine: kile kikapu chako kinafanya kazi Texas.

Unakumbuka walivyokuvunjia nyumba mtaani Ng'ambo ili wajenge majumba ya Michenzani? Michoro ya Wajerumani wa Mashariki, amri ya serikali, na baba akabeba mchanga kwenye kujitolea ambako hakuna aliyethubutu kutojitolea. Kisha mkapewa ghorofa ya tatu, mkaambiwa mshukuru. Ukashukuru. Mlango ulipofungwa ndipo uliposema, sauti chini, "Wamenitoa uani wameniweka hewani kama njiwa." Tukacheka tumeziba midomo, maana ngazini palikuwa na masikio, na aliyenung'unika aliitwa kuhojiwa.

Na milango ilivyokuwa sawa yote! Siku ile uliingia na samaki wako nyumba ya watu, ukavua buibui, ukaanza kumgombeza mume wa jirani yetu Bi Asha kwa kulala mchana. Maskini, akaamka akaomba radhi.

Lakini wewe ndiye uliyeona kwamba roshani zimepangana, hii juu ya hii. Ukafunga kamba kwenye kikapu. Chumvi ikashuka, muhogo ukapanda, na salamu ambazo watu waliogopa kupeana ngazini zikapita hewani. Majengo waliyajenga wao, lakini ule mtaa, Mama, uliutundika wewe.

Sasa sikiliza. Chini yangu anakaa Beatrice, Mkenya, nesi, Mkatoliki asiyeachana na rozari yake, rafiki yangu tangu nihamie hapa. Ramadhani hii korona ikamshika kazini. Akajifungia. Akakataa mtu kukanyaga mlangoni pake, hata kuacha sahani, eti atatuua. Kwenye simu sauti yake inafifia kila siku, na najua hali kitu. Niliogopa, Mama. Nikatoka roshani nilie peke yangu, nikainama, na pale chini nikaiona roshani yake, imenyooka na yangu kama kule nyumbani.

Nikafunga kamba kwenye kikapu, nikashusha uji wa pilipili manga. Haukuguswa. Kesho yake nikashusha supu, nayo ikaning'inia, magharibi ikaingia, ikapoa. Nikapaza sauti: "Beatrice, mimi nimefunga, na sifuturu mpaka kamba ivutwe."

Tende nilikuwa nimeshakula, Mungu anisamehe, ila yeye hakujua.

Halafu nikasikia mlango wake wa kioo unasogea.

"Aki Zuwena, sasa unanitishia na njaa yako mwenyewe?"

Na kamba ikavutwa. Nikakaa chini pale pale nikacheka na kulia kwa pamoja.

Tokea hapo hakuacha. Alipoanza kulalamika kwamba siweki chumvi nikajua atapona. Wamarekani wa ghorofa ya kwanza wakawa wanatoka kila jioni kuangalia kikapu kikishuka, wanapiga makofi. Siku ya Idi Beatrice akaniambia leo nishushe kitupu. Nikavuta, kizito! Chapati, za moto, zimefungwa kwa taulo, na yeye pale chini kakonda, kajifunga kanga, anacheka: "Vuta pole pole wewe, zikianguka ni wewe utapika zingine." Mkatoliki ndiye aliyenilisha Idi, Mama, na nilikula nimesimama.

Basi pumzika, mama yangu, Mola akunawirishie kaburi lako. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, na nakuahidi: maadamu mimi nipo juu, wa chini yangu hatalala na njaa.

Ila Beatrice anataka mkate wa kumimina, na wangu unabonyea katikati. Ulikuwa unautia nini? Nijibu upesi, hata kwa ndoto.

Mwanao,
Zuwena