Nyumba Kwanza, Steji Baadaye

Baba,

Watu bado wanakuja. Mama alidhani wataacha baada ya mazishi, lakini kila asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, nasikia lango likifunguliwa na mtu akikohoa nje ili tujue amefika. Wanaingia, wanakaa kwenye viti vile vya ukutani, wanaweka kofia magotini na kungoja, kana kwamba uko chumbani unanyoa ndevu. Juzi mzee mmoja wa upande wa sokoni aliniuliza kama Mheshimiwa ameamka. Kisha akakumbuka. Akashika mdomo, na mimi nikaenda jikoni kuleta chai kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mwanzoni walikuja kutupa pole. Siku hizi wanaleta shida zao kama zamani: mtaro umeziba, maji hayatoki, jirani amesogeza ua. Diwani mwingine hajachaguliwa. Mama aliniambia, "Wewe umemaliza shule, wasikilize." Unanijua, Baba. Ulikuwa ukinituma dukani nami narudi bila chumvi kwa sababu kulikuwa na watu wengi mbele yangu na sikuweza kupaza sauti. Mama Wambui wa viazi alinikuta nimekaa na wageni nikitazama miguu yangu, akasema, "Huyu anaongea na sakafu. Iko siku sakafu itamjibu." Wote wakacheka, hata mimi.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya zile nyumba za kaunsili nyuma ya soko. Nataka uzipate habari zake kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine, kama huko uliko habari hufika.

Zimebomolewa, Baba.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa.

Mwezi wa kumi na moja, nilipokuwa nimetoka tu kwenye mtihani, watu wa kaunsili walipita wakiwaambia wapangaji wahame, kwa sababu mahali pale patakuwa maegesho ya matatu. Kesho yake sebule yetu ilijaa. Mama Wambui alikaa mbele kabisa, kwenye kiti ambacho mlikuwa mkikigombania. Alikuwa ameacha viazi vyake sokoni bila mtu. Akamwambia Mama, "Mheshimiwa alikataa hii mambo. Yeye mwenyewe alituambia hatutoki. Sisi tunaenda huko ofisini kwao kuwaambia hivyo, na tunataka mtu wa hii nyumba atembee na sisi." Wengine wakaitikia. Walikuwa na hakika. Nilimwona Mama akikunja ncha ya leso yake na kuikunjua, kwa sababu mimi na yeye tulijua kwamba hukukataa.

Naikumbuka ile jioni. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua ilikuwa imetulia, na ulirudi kutoka mkutanoni ukiwa umefurahi hadi ukasahau kuvua viatu vyenye matope. Ulikula ukiwa umesimama. Ukasema, "Wamekubali. Nyumba kwanza, steji baadaye. Watawajengea wale watu kule juu kwanza, ndio wabomoe. Nimeinua mkono." Mimi, ambaye siulizi, nikauliza kama imeandikwa. Ulicheka. Ukasema, "Mtoto wa shule huyu. Watu wazima wamekaa, wamesema, wamesikia. Inaandikwa ya nini?"

Nilijua unakotoka. Tulipokuwa tukienda Merigi kwa babu, nilikuwa nikikuletea maziwa pale mlipokaa kokwet. Majirani wote walikuwa kwenye nyasi, wakizungumzia mpaka wa mtu au ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, na hakuna aliyeinuka mpaka wote wakubaliane. Hakuna aliyeandika. Mtu akigeuza neno lake baadaye, siku nyingine anakosa pa kukaa. Nafikiri uliingia katika ule ukumbi wa kaunsili, wenye viti vya mikono na saa ukutani, ukadhani ni kokwet kubwa zaidi. Hukujua kwamba kule watu wanaweza kugeuza neno na kiti chao bado kipo.

Siku ile ya Jumamosi iliyofuata tulichuna majani chai pamoja, na kama kawaida yako ulikuwa ukiifanyia mazoezi hotuba yako huko shambani. Uliita michai "waheshimiwa". Uliuambia mmoja, "Mheshimiwa, wewe huna majani ya maana na unapinga maendeleo." Nilicheka mpaka kapu likanielemea mgongoni. Siku hizi mimi na Mama tunachuna kimya.

Usiku wa kabla ya kwenda ofisini Mama aliniambia, "Usimwanike baba yako mbele ya watu. Wakisema alikataa, waache waseme. Marehemu hapungukiwi na kitu." Nilielewa. Alitaka ubaki yule waliyemzika, ambaye walimlilia mpaka barabarani. Nikamwambia karani ataleta majina ya walioinua mikono, na jina lako limo, na wale watu watachekwa wakiwa wamesimama wanakutetea. Mama akageukia ukuta. Asubuhi nilipoamka nilikuta amenipigia pasi ile sketi ya shule. Hakusema niende wala nisiende.

Tulienda. Walituruhusu tuingie ndani kwa sababu tulikuwa wengi na mvua ilianza kunyesha. Mama Wambui alizungumza vizuri. Alisema ameishi kwenye zile nyumba tangu mabati yake yakiwa mapya, na watoto wake wote wamezaliwa pale. Akamaliza, "Na marehemu Mheshimiwa alikataa, nyinyi wenyewe mnajua." Mwenyekiti hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitabasamu kama mtu anayemhurumia mwingine, akamwambia karani asome, na karani akasoma majina, na lako likasomwa. Kisha mwenyekiti akasema, "Mama, diwani wenu mwenyewe aliinua mkono."

Pale nyuma walikuwepo makanga wa matatu waliokuja kusikia lini steji itafunguliwa. Mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tulisikia wote, "Kumbe mzee ndiye alituletea parking. Na tulimchangia maua." Wenzake wakacheka. Mama Wambui hakumtazama. Alinitazama mimi. Macho yale sitayasahau, Baba. Alikuwa ananiomba niseme kwamba ni uongo.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshika kiti cha mbele na mtu aliyekikalia aligeuka. Nilisema, "Ni kweli. Baba aliinua mkono." Nikasema, "Aliinua kwa sababu mlimwambia nyumba kwanza. Alirudi nyumbani amefurahi. Hakuomba iandikwe, kwa sababu kwetu watu wazima wakisema mbele ya wenzao inatosha. Nyinyi mlikuwa hapa ndani pamoja naye. Kama kuna mmoja wenu ambaye hakusikia maneno hayo yakisemwa, asimame."

Nilipomaliza kusema hivyo niliogopa. Nilidhani watasimama wote.

Hakuna aliyesimama. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mwenyekiti alipanga kalamu zake. Ndipo yule mzee, diwani mwenzako mliyekuwa mkikaa naye upande mmoja, aliyekuja hospitalini na maziwa ya mursik akaambiwa huruhusiwi kunywa, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake na kusema, "Tulisema." Basi. Neno moja tu. Hakuvaa tena ile miwani mpaka tukatoka.

Ningependa kukuambia kwamba tulishinda. Mwenyekiti alisema hata kama ilisemwa, pesa zilizokuwa za nyumba zimeshatumika kulipia lami na ukuta wa steji, na lami haiwezi kurudishwa benki. Wenzake walibishana muda mrefu. Mwishowe walikubali mambo mawili: wapangaji wakae mpaka Krismasi ipite, na jambo la nyumba likaliwe kikao tena mwaka mpya, na watu wale wale. Trekta lilikuja katika siku za kwanza za Januari. Nilidhani zitachukua siku nzima kuanguka. Zilipokwisha kuanguka, watoto wa sokoni walikuwa bado hawajamaliza kunywa uji.

Sasa kuna lami nzuri pale, nyeusi, na mistari. Matatu za Kericho zinakaa upande huu, za Bomet upande ule. Sikuzichukia kama nilivyofikiri. Watu wanapanda bila kukanyaga matope, na ni kweli ulikuwa ukilitaka hilo pia. Ni kwamba tu napita pale nikijua sebule ya nani ilikuwa wapi.

Baada ya ile siku ya ofisini, Mama Wambui aliacha kuja kwetu. Mama alimtumia maziwa, yakarudi. Nilimkuta sokoni akanipimia viazi kama mteja yeyote, bila kuongeza kimoja juu. Nilijua mimi ndiye niliyemwondolea yule Mheshimiwa aliyekuwa akimjua, na nililia njiani, na hata sasa sijui kama nilifanya vyema.

Kisha Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, alikuja. Hakupita sebuleni. Alienda moja kwa moja kaburini, juu kule mwisho wa chai, na akakugombeza. Mimi na Mama tulimsikia na kumwona kutoka dirisha la jikoni. Aliongea kwa Kikuyu muda mrefu, mkono mmoja kiunoni, akitingisha kidole kama mlivyokuwa mkifanyiana mkizozana juu ya bei ya viazi. Halafu akageuza kwa Kiswahili, nafikiri ili usikose kuelewa, akasema, "Na wewe, mtu mzima, unaamini wale watu na hujaona hata jiwe moja. Si ungeniuliza mimi? Mimi nafanya biashara." Tulipochungulia tena, alikuwa ameinama anang'oa magugu pembeni yako. Aliyang'oa yote. Akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda na kusema, "Hii nyumba siku hizi hawapei mtu chai?" Mama alilia akiwa anamimina.

Ameenda Londiani sasa, kwa ndugu yake. Anauza viazi huko huko. Siku ya kuondoka alikuja na mkokoteni, na juu yake kulikuwa na mlango wa nyumba yake, mzima, pamoja na bawaba. Alikuwa ameung'oa kabla trekta halijafika. Akaniambia, "Nauacha kwenu. Najua huu ni wa kaunsili. Wakirudisha nyumba, nitarudisha mlango." Tuliuweka kwenye stoo, umeegemea magunia ya mbolea. Aliushika kidogo juu, pale mkono wake ulipokuwa ukisukuma, halafu akapanda gari.

Kuna jambo moja limebaki. Nilimwomba Mama ruhusa ya kukuambia, naye alikubali baada ya siku kadhaa. Kule hospitalini Kericho, mimi nikiwa bado shuleni Kapsoit, ulimuuliza Mama kama wameshachimba msingi wa zile nyumba mpya. Mama akakuambia ndiyo. Akakuambia mawe yameletwa, na mafundi wako kazini. Anasema ulifumba macho ukasema, "Vizuri," na hukuuliza tena kitu kingine chochote mpaka ulipotuacha.

Baba, hakukuwa na msingi. Hakukuwa na mawe. Mama alikuwa amepita kule juu asubuhi hiyo hiyo na kuona nyasi tu na mbuzi wa watu. Alikudanganya kwa sababu alikupenda na uliumwa sana. Usimkasirikie. Yeye ndiye aliyelibeba neno hilo, wewe ulipumzika. Lakini sikutaka ukae huko ukiamini wale watu wana nyumba.

Wiki ijayo wanakaa tena juu ya jambo hilo. Yule mzee wa miwani ametuma ujumbe kwamba nifike, na kwamba atakuwepo. Nitaenda. Nitatetemeka, lakini nitaenda, na wakisema neno nitaomba liandikwe, na nitaomba nilisome kabla mtu yeyote hajainuka. Wakiahirisha nitarudi tena. Matokeo ya mtihani yakitoka na nikaitwa mbali kusoma, Mama amesema atakwenda yeye, na Mama akishasema hivyo unajua.

Sitakuahidi kwamba nyumba zitajengwa. Hilo siliwezi. Nakuahidi kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuja tena kukuambia msingi umechimbwa kama haujachimbwa. Nyasi zikiwa nyasi, nitapanda huko juu kwako nikuambie ni nyasi. Na siku nitakayokuambia mafundi wamefika, nitakuwa nimetoka kuwaona kwa macho yangu.

Lala sasa. Saisere, Baba.

Mimi binti yako,
Chelangat