Kwato Ziko Sawa

Jumapili

Mama na ushuhuda wake! Nimepita somo moja tu la chuo, lile la kwato za mifugo nililokuwa nikisoma kila Jumamosi nikiwa bado kidato cha nne. Leo akasimama kanisani: "Bwana asifiwe! Msichana wangu ako chuo, anatibu ng'ombe!"

Ibada ilipoisha, jirani yetu Baba Wambui akanivuta hadi zizini kwake. Ng'ombe wake alikuwa amevimba tumbo vibaya. "Daktari, sema kitu."

Mimi najua kwato tu. Nikainua mguu mmoja baada ya mwingine, polepole, nikiomba Mungu.

"Kwato ziko sawa."

Ng'ombe akajamba kwa nguvu, tumbo likashuka. Mama, aliyekuwa ametufuata, akapiga vigelegele.

Kesho naletewa mbuzi wawili. Kesho hiyo hiyo niko na mtihani wa hesabu, na huko hakuna kwato.