Jani Kutoka Chini ya Tope

6 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba magoti yako yamepata nafuu. Mimi sijambo, ila mafua ya hapa bwenini hayana adabu.

Najua bado unacheka kwamba nimeondoka shambani nikaja chuo kikuu kusomea shamba. Cheka tu. Kozi yenyewe inaitwa Usimamizi wa Mazingira ya Vijijini, na wiki hii imenitoa machozi. Mwalimu wetu wa udongo, mama mmoja mfupi anayevaa buti hadi darasani, alitupeleka kwenye kinamasi. Tukazungusha kekee ndefu ya chuma mpaka mita tatu chini, kisha tukaivuta. Kumbe ule udongo mweusi wote ni majani yaliyorundikana majini bila kuoza! Mwalimu akasema kila mita ni kama miaka elfu moja. Kwenye ncha ya kekee palikuwa na jani moja, Baba. La kijani, kama limeanguka asubuhi ile ile. Nikalishika. Kabla sijahesabu ishirini, hewa ikaligeuza jeusi kiganjani mwangu. Miaka elfu tatu limekaa gizani, nami nimeliona kwa pumzi chache tu.

Nikalikumbuka tope letu nyuma ya nyumba, lile ulilonikataza kuchezea. Udongo wake nao ni mweusi?

Mwanao,
Kitindamimba

28 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Magoti yanalalamika lakini bado yanatii amri. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi.

Barua yako nilimsomea jirani yetu seremala. Akasema, "Basi huyo akimaliza atakuwa daktari wa matope." Nikamwambia afadhali huyo kuliko wa meno.

Udongo ni mweusi kama masizi. Nimejuaje? Nilitaka kukushtukiza, lakini mdomo wangu hauna kufuli. Tangu ulipoondoka nachimba mfereji. Hatua themanini tayari, zimebaki kama kumi kufika mtoni. Maji ya tope yatakwenda zake, na pale pakikauka patakuwa shamba lako wewe. Sijawahi kukupa kitu kikubwa. Soma ukijua hilo.

Baba yako

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, unisamehe. Tafadhali usichimbe zile hatua kumi.

Nimelia, kwa zawadi yako na kwa hofu. Lile tope ndilo mtungi wa kisima chetu. Linakunywa mvua, kisha kiangazi chote linatoa maji kidogo kidogo, chini kwa chini, hadi kwenye ndoo ya Mama. Ukilikausha, kisima kitafuata. Na udongo ule ukipata hewa unasinyaa mpaka unaisha, hautakuwa shamba la kudumu. Ziba mfereji. Weka ubao mpana ukatize, ushindilie madonge ya udongo ule ule mweusi, na urudie kila baada ya hatua ishirini.

Najua mtoto hamfundishi baba yake kushika jembe. Lakini haya ndiyo uliyonituma kuyasoma.

Mwanao

12 Juni

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Miezi miwili kimya. Nikipiga simu unasema mko salama, halafu unampa Mama, naye anasema, "Muulize baba yako." Kama nimekukosea adabu nigombeze, lakini usininyamazie. Kisima kikoje?

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, mama. Sisi wazima, na sasa naweza kusema kweli. Barua yako ya Aprili ilinikuta nimeshafungua mfereji siku mbili. Maji yalikuwa yanakimbia, nami nimejaa fahari. Nikaificha barua chini ya godoro, nikajisemea vitabu havilijui tope langu.

Mwezi wa sita ndoo ya mama yako ilipanda na matope matupu. Kisima hicho hata babu yako hakuwahi kukiona chini yake. Mama yako alichukua ndoo akaenda mtoni. Niliona haya, mwanangu. Ndiyo sababu nilikuwa nampa simu.

Nikaitoa barua, nikafanya kama ulivyoandika. Mbao nne alinipa seremala. Wa tano ni mlango wa chumba chako. Ukija likizo utalala na pazia, na usilalamike. Mvua ikanyesha, maji yakasimama, na jana ndoo ilipanda safi.

Sasa sikia. Nilipokuwa nachimbua madonge ya kuzibia, kule chini kabisa, jembe lilifunua jani. La kijani. Nilipiga magoti, haya haya mabovu. Nikamwita mama yako kwa kelele hadi seremala akatoka nje na randa mkononi. Mama yako alikuja mbio, lakini alipofika lilikuwa limeshakuwa jeusi. Anasema macho yangu yamezeeka.

Mwandikie wewe, umwambie nililiona kweli.

Baba yako