Bia ya Amerika uliyoifungulia jikoni

Baba Miradie,

Nimeenda kazini. Sombe iko kwenye friji, ipashe moto. ~~Samaki usiguse.~~ Samaki kula tu, leo utahitaji nguvu.

Kaka Albert amepiga simu asubuhi hii kutoka Croydon. Tangu aondoke hapa jana tumbo linamsokota, na ameniuliza, kwa upole kabisa, mume wangu ana kisa gani naye. Magloire, huyo ni shemeji yako! Unamfungulia bia jikoni, mbali na macho yake, unamletea glasi imeshajaa, halafu chungu kama kwinini. Mtu wa Bukavu, ambako chupa ya mgeni hufunguliwa mbele yake, atafikiria nini kama si sumu?

Najua ulikuwa unaficha kile kibandiko cha njano cha bei iliyoshushwa. Wiki nzima unatuimbia: bia ya Amerika, imepikwa na mafundi, supamaketi wanaiuza kwa bei ya maji. Waingereza wenyewe wameikimbia, wewe umeijaza kabatini.

Kaka atakuja tena leo saa kumi na moja jioni. Chupa zifungulie mezani, mbele yake, na kibandiko usikibandue. Ya kwanza unywe wewe, mpaka chini, bila kukunja uso. Bora kaka yangu akuone bahili kuliko mchawi.

Mama Miradie