Mujinga, Jina Langu

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya Lubumbashi. Vumbi hadi ndani ya masufuria. Nimewasha mbabula, jiko letu la makaa, mapema; makaa ya leo mabichi, moshi mtupu. Nimechemsha maji ya Neema ya kuoga. Mke huyu wa mwanangu Ilunga anakaribia kujifungua, miguu imevimba, hawezi kuinama.

Ilunga amerudi kutoka mgodini, upande wa Kinsevere. Amepata kazi ya malori Mbeya, kwao Neema. Mtoto akishapata nguvu, watahama. Nimefurahi kidogo. Nimeumia zaidi.

Mezani Ilunga alisema, "Kama ni mwanamuke, ni Mujinga. Jina ya mama." Kwetu ndivyo, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Neema akaweka kijiko chini. Hakula tena.

Jumanne, 4 Juni

Nimewasikia. Kuta zetu nyembamba.

Neema: "Mwalimu akiita majina darasani, unataka mwanao aitike mjinga? Kila asubuhi?"

Ilunga: "Ile ni jina ya mama yangu."

Neema: "Mama yako namheshimu. Jina siliwezi."

Sikukasirika. Hapana, nilikasirika. Nikatoka kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Kicheko anachokiogopa nakijua. Zamani nilikwenda Tunduma kuchukua vitenge. Afisa mmoja alisoma karatasi zangu, akamwita mwenzake aje aone. Walicheka mpaka wakafuta machozi. "Mama, nani alikuchukia hivi?" Nilicheka nao. Nilitaka kupita tu. Kwa Kiluba neno hili halina upumbavu ndani yake. Lakini nani atasimama mpakani kufundisha watu Kiluba?

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi Kabange amefika kutoka Likasi. Dada wa marehemu baba yangu. Yeye ni pacha, wa pili kutoka, na jina lake linatangaza hivyo popote anapokwenda. Hajawahi kulieleza kwa mtu.

Ilunga amemwambia yote. Shangazi hakuvua hata viatu.

"Anakatala jina ya bankambo ya mutoto? Huyu anatoka wapi?"

Bankambo ni mimi, bibi. Neema alikuwa jikoni. Alisikia kila neno. Nimeona aibu kwa niaba ya wote.

Nimemfikiria baba. Alibatizwa Alfonsi. Halafu serikali ya wakati ule ikakataza majina ya Kizungu na Alfonsi akafutwa kwenye karatasi. Shangazi hakukubali, alimwita Alufonsi mpaka siku ya kumzika. Mimi nilimfahamu baba kwa jina moja, dada yake kwa jingine. Baba aliitika yote mawili. Sikuwahi kumuuliza ni lipi lililokuwa lake.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nilikaa na Neema uani, tukichambua maharage. Nilimuuliza jina la ukoo wao, Mwakalinga, lina maana gani. Akasema ile Mwa ya mwanzo ndiyo inayomrudisha mtu kwa babu yake. Kwao ukilisikia tu jina unajua huyu ni wa akina nani. Alieleza vizuri. Alikuwa na fahari. Nikafikiri, basi anaelewa. Anaelewa kabisa, ndiyo maana anakataa.

Nikamwambia, "Mupatie mutoto jina ya mama yako."

Alilia. Mama yake anaitwa Tumaini. Jina zuri, halichekwi mahali popote.

Ilunga hasemi nami. Shangazi anasema nimejizika ningali hai. Huenda. Mchana nililala na kitambaa usoni, sikupata usingizi.

Ijumaa, 14 Juni

Mtoto amezaliwa. Nitaandika kwa utaratibu.

Uchungu ulianza alfajiri. Ilunga alikuwa kazini. Mkunga aliniruhusu kusimama kichwani pa Neema. Kichwa cha mtoto kilitoka, kisha mkunga akaacha kuzungumza. Niliona kitovu, kinene, kimemzunguka shingo. Mara mbili. Mtoto wa rangi ya bluu. Mkunga akapitisha vidole, akafungua, akafungua tena. Akamtoa, akamsugua mgongo. Kimya. Nilimziba Neema masikio, sijui kwa nini. Nadhani sikutaka asikie kile kimya.

Kisha akalia. Sauti nyembamba, ya hasira.

Mkunga ni wa Kamina, Mluba kama sisi. Alijitupa kitini akacheka kwa kuchoka. "Bamama, munapata Mujinga!"

Neema akageuza uso ukutani. "Hata hapa mnanitukana."

Hapo nikaelewa kwamba hajui. Mwaka mzima nyumbani kwangu, na hajui. Nikamweleza. Mujinga ni yule anayekuja amezungushiwa kitovu. Kwa Kiluba kujinga ni kuzungusha. Hachaguliwi jina, anafika nalo.

Akanigeukia. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Hakuna muntu alishaniuliza. Bantu banacheka, habaulizi."

Akamvuta mtoto kifuani. Nami nikaachia hapo, nikakunja nguo za mtoto. Sikutaka kumshinda mtu akiwa amelala kitanda cha uzazi.

Jumatatu, 17 Juni

Kuandikisha mtoto. Karatasi zetu zina nafasi tatu: jina, jina la pili, jina la ubatizo. Nilijua la Ilunga litatangulia. Mengine sikuuliza, nilibaki nyumbani na makaa yangu.

Ilunga amerudi, ameniambia mwenyewe. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu wiki ile. Neema alikuwa amemwagiza hivi: ubatizo, Tumaini. Katikati, Mujinga. "Na herufi u ya Mu iandikwe. Wakiisahau, rudi."

Shangazi hajaridhika. Anataka Mujinga peke yake. Amefunga mizigo akinung'unika, lakini kitenge kipya alichokuja nacho amekiacha kwenye kitanda cha Neema.

Na bado naogopa. Darasa la Mbeya halitasoma karatasi, litasikia tu. Watacheka. Atakuwa na mama wa kumweleza, hilo ni zaidi ya nilichokuwa nacho mimi pale Tunduma.

Jumatano, 19 Juni

Mama yake Neema amepiga simu ya video. Akauliza jina. Neema akamwambia. Upande wa pili uso ukasogea karibu na kioo, "Mnamwita mtoto mjinga?"

"Mu-jinga, Mama. Subiri nikueleze." Akaeleza. Kitovu, mara mbili, ile rangi ya bluu. Hakuruka kitu. Mama yake akaomba aonyeshwe shingo. Neema akainua kidevu cha mtoto polepole. Hakuna alama yoyote, mikunjo tu na maziwa yaliyoganda.

"Na mama mkwe wako, naye alizaliwa hivyo?"

Neema akanigeukia. Nikasema hapana. Mimi nilipewa la mama wa baba. Nimelibeba miaka yote hii kwa kurithi. Huyu amekuja na lake.

Jioni nimemwogesha. Nimemsafisha shingo kwa kidole kimoja. Hapa Lubumbashi wawili wenye jina moja wanaitana "majina", yaani wajina. Nilimwita hivyo, taratibu, Neema akiwa amesinzia kando yetu.

"Majina."

Akapiga chafya. Nikamfunika.