Mama Mkwe Alipojitwika Kisukari Changu

Garissa, Alhamisi, Machi 1996

Jua la leo limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mabati yetu, lakini mimi nimeolewa na Abdi na sijali jua.

Bado napenda kuandika hivyo. Nimeolewa na Abdi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa humu nyumbani wanaokisoma ni mimi na yeye tu, na yeye akisoma, asome. Akitabasamu, jino lake moja linapanda kidogo juu ya jingine, nami nasahau nilichotaka kusema.

Kwetu bibi arusi hatoki nje mpaka wiki ya kwanza iishe. Anakaa kwenye mkeka mpya akinukia udi, wanawake wa mtaa wetu wa Iftin wanakuja kumtazama, na kila mgeni anamiminiwa chai ya maziwa iliyojaa sukari. Bibi arusi lazima anywe naye. Kukataa ni kumtukana mgeni.

Mimi nina kisukari tangu kidato cha pili. Najidunga sindano kila asubuhi, na Abdi alijua kabla ya kuniposa. Wiki hii yote amekuwa akipita chumbani kama anatafuta kitu, anainua kikombe changu na kukimaliza. Wanawake wanacheka kwamba bwana arusi ana kiu. Nionyesheni mapenzi makubwa kuliko hayo.

Lakini mapenzi hayapozi dawa. Chupa yangu huwa naiweka kwenye mtungi wenye maji, kama alivyonifundisha mfamasia wangu, Bwana Mutua. Katika shughuli za arusi mtungi ukakauka. Juzi nikaona dawa iliyokuwa safi kama maji imeingia ukungu. Tangu hapo nina kiu isiyoisha na miguu mizito. Nilijua nikiendelea kukaa, nitatolewa humu ndani nikiwa nimebebwa.

Leo asubuhi nikamwambia Hooyo, mama yake Abdi, kwamba lazima niende kwa Bwana Mutua. Alifunga mlango kwanza, ndipo akajibu.

"Binti yangu, ukionekana kwenye benchi la wagonjwa wiki hii, mji mzima utasema mwanangu kaoa mgonjwa. Kaa. Nitaileta mimi."

Akaenda. Yaliyotokea huko kanisimulia Abdi, aliyemfuata, huku akicheka mpaka akakaa chini.

Bwana Mutua hauzi dawa ya kisukari kama anayeuza sabuni. Anakukalisha, anakuuliza umekula nini tangu jana, umelalaje, anatazama nyayo zako, ndipo anafungua friji yake ya mafuta ya taa. Hooyo akakaa benchini, akajitanda shungi, akasema kwa Kiswahili chake, "Daktari, mimi iko na sukari. Leta ile dawa ya sindano." Akaulizwa anakula nini, akataja yote kwa ukweli, chai, nyama na samli juu yake. Akapewa kikopo, akaenda nyuma ya pazia. Bwana Mutua akachovya karatasi yake ya kupimia mkojo. Haikubadilika rangi.

"Mama, wewe ni mzima kuliko mimi. Mwambie mwenye sindano aje mwenyewe."

Hooyo akarudi amenuna kwa kuambiwa ni mzima.

Nilitaka kucheka, nikalia. Alikuwa tayari aitwe mgonjwa yeye, ili nisiitwe mimi. Kisha machozi yakakauka, zikabaki hasira. Kwa nini aibu hii ibebwe na mtu yeyote? Sijaiba kitu.

Nikavaa dirac yangu ya arusi, lile gauni la rangi ya dhahabu, nikatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Abdi akanishika mkono.

Mkono, barabarani, mbele ya Garissa yote.

Benchini kwa Bwana Mutua walikuwepo wanawake wawili waliokunywa chai kwangu juzi. Mmoja akasema, "Heh, bibi arusi, umekuja kumtafutia bwana dawa ya kiu?"

"Dawa ni yangu," nikasema. "Nina kisukari." Nikavua kiatu, nikamwonyesha Bwana Mutua unyayo wangu, pamoja na hina yake.

Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Hooyo alikuwa ametufuata. Nilidhani atanivuta nyumbani. Akaketi katikati ya benchi na kuwasukuma wale kwa nyonga.

"Mmesikia. Ngamia wa mahari tumeshatoa, na siwataki warudi. Sogeeni, mke wa mwanangu akae."

Nilipewa chupa mpya na kukaripiwa kuhusu mtungi. Kisha Bwana Mutua akamgeukia Abdi, akamuuliza hiyo chai anayoninywea ni vikombe vingapi. Abdi akatazama dari.

Sasa ni jioni na kiu imeanza kuniacha. Hooyo ameuweka mtungi chini ya kitanda chetu na anaingia kuutilia maji bila kubisha hodi, jambo ambalo itabidi tulizungumze.

Wageni watakuja tena kesho. Chai yangu itakuwa haina sukari, na atakayeona ni matusi anajua nilipo kila mwezi: kwenye benchi la Bwana Mutua, upande wa barabarani, kiatu mkononi.