Baba Yako Kajifunika Khanga Melini

Wewe Ambakisye, huko Dar wamekufunga kamba? Mkeo yuko kwangu, sura yako tunaisahau. Haya, ugonile, hujambo, mjukuu wangu.

Anayeandika ni huyo mkeo Tupoke, mimi nasema tu. Tuko melini na baba yako, tunakwenda kumwona dada yangu Mbamba Bay, anaumwa. Pale bandarini Itungi walichimba njia ya meli kiangazi kizima, na lile dude la kunyonya mchanga. Mvua ya Kyela ikanyesha, mto ukaurudisha mchanga wote. Tukakwama hata bandari hatujaiacha.

Nahodha akapiga kelele, "Wote nyuma, pua iinuke!" Tukajazana nyuma, ila mkeo. Kwetu mwanamke hamsogelei baba mkwe, na baba yako alishakaa huko. Nahodha, mtu wa kuja, akafoka, "Dada, tulale hapa kwa ajili ya mkwe?"

Nikamjibu, "Wewe hangaika na mchanga wako, wakwe tuachie wenyewe." Nikamfunika mwanangu, huyo baba yako, khanga kichwani, mzee mzima kama mwali, nikamwita Tupoke, nikakaa katikati yao na makalio yangu yote. Meli ikachomoka!

Sasa tunakula wali na samaki mbasa. Baba yako bado kajifunika, analalamika joto. Avumilie.

Nakupenda, mjinga wangu. Ukija usilete sukari wala kitenge. Njoo ukae hapa katikati ya mkeo na baba yako, ni mahali pako. Mimi mgongo unaniuma.